Maji Yanakwenda kwa Nani

Nilipima mfereji ule mara nne, na mara zote nne ulikuwa sawasawa kama uso wa meza. Ndipo nilipoanza kuishuku akili yangu. Mimi sikuagiza mfereji wa kulala sawasawa. Niliagiza mfereji ulioinama kidogo kuelekea kushoto, ushuke kiganja kimoja kila hatua ishirini, ili maji ya mvua yapate kutembea. Kila asubuhi nilipigilia mwenyewe vigingi vya kipande cha kuchimbwa kesho yake, vikiwa vimeshuka kama inavyotakiwa. Na kila siku kipande kikishachimbwa nilikipima, nacho hakijashuka hata unene wa ukucha.

Hiyo ilikuwa Oktoba ya mwaka 1995, Ntobeye, wilaya ya Ngara. Jina langu Pancras, na wakati ule nilikuwa msimamizi wa vibarua kwenye machimbo ya moramu, juu ya kilima ambacho nimezaliwa chini yake. Wakimbizi walikuwa wamejaa wilayani kuliko sisi wenyeji, na barabara za kambini zilikuwa zimegeuka uji kwa malori ya chakula. Kampuni moja ya ujenzi ikapewa kazi ya kuzimwagia moramu. Katapila likakichuna kilima ngozi. Udongo wa juu likausukuma ukingoni ukawa rundo kubwa, na ule mwekundu wa chini ukapakiwa kwenda kambini. Chini ya ukingo ule, chini yake kabisa, palikuwa na migomba ya mama yangu Domisiana, nyumba yake, na kaburi la baba.

Hata asiyesoma aliona hatari. Maji ya mlimani yakiingia machimboni yatalibeba rundo, na rundo likibebwa halina pa kwenda ila kwa mama. Injinia wetu, kijana wa Kisukuma aitwaye Bulugu, alitaka mama ahamishwe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha ndizi, kisha akamwambia kwamba mumewe amelala pale na yeye hana nia ya kumwacha peke yake na katapila. Nikaingilia kati. Nikasema tuchimbe mfereji juu ya machimbo, uyakinge maji kabla hayajaingia, uyapeleke kushoto, nje kabisa. Bulugu akachora. Nami nikamwapia mama kwamba asihame, tope halitafika hata kwenye mgomba wa kwanza. Niliapa kwa jina la Bikira Maria, jambo ambalo padri hapendi, lakini mama alisema kiapo kingine hakitambui.

Sasa mtu ameapa, halafu anapima mfereji anakuta umelala sawasawa. Mfereji wa namna hiyo haupeleki maji popote. Unayakusanya, unajaa, halafu unayamwaga katikati, na katikati yake ndiyo machimbo.

Kwanza niliushuku mpira. Tulikuwa tunapima kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile, maji yanajionyesha yenyewe usawa uko wapi. Nikaumwaga, nikaujaza upya, nikatafuta mapovu ya hewa, sikuona. Nikamshuku Leonidasi, mlinzi wa machimbo, kwamba analala na watoto wanachezea vigingi. Leonidasi akaapa kwa wazazi wake wawili, mmoja akiwa bado hai. Nikawashuku mbuzi. Ni mbuzi gani anayesogeza kigingi na kukipigilia tena? Ikafika siku nikawaza mambo ambayo Mkatoliki hatakiwi kuyawaza, nikaangalia kama kuna hirizi imefukiwa mahali. Mwisho nikajishuku mwenyewe. Usiku nilimwomba mke wangu, Avelina, anihesabie vidole nilivyomwonyesha, kisha anionyeshe vyake nivihesabu mimi. Akaniambia nikalale.

Siri ilifichuka saa saba mchana, jua likiwa utosini. Vibarua walikuwa wameshuka kula mahindi na maharage yao. Mimi nilisahau kofia, nikarudi. Nikamkuta Mzee Ndikuriyo peke yake kwenye mstari wangu.

Ndikuriyo alikuwa Mrundi wa kambini, mtu wa miaka kama sitini, kiongozi wa kundi la wachimbaji. Hakuna aliyeshika jembe kama yeye. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba, kisha ananiita shefu, yaani bosi, siku nzima. Siku hiyo alikuwa na miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na katikati yake inaning'inia kamba yenye jiwe. Alikuwa anaitembeza ile A ardhini mguu kwa mguu, anasubiri jiwe litulie, kisha anang'oa kigingi changu na kukipigilia nusu hatua juu zaidi. Alifanya taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Mzee," nikasema, "kumbe ni wewe."

Hakushtuka. Aliweka nyundo chini. "Shefu, usikasirike. Nilikuwa ninakusaidia."

"Unanisaidia! Nimekaa wiki nzima najiona mwendawazimu."

"Mupira wako ni mubovu," akasema kwa upole. "Kila siku unakudanganya, mustari unainama. Nikasema, nikimwambia mbele ya vibarua wake nitamwaibisha. Yeye ni kijana mwema, ananiamkia. Basi watu wakienda kula mimi ninanyoosha kidogo."

Nilikaa chini. Nilitaka kumfokea lakini sikujua nianzie wapi, maana mtu aliyeniharibia kazi alikuwa ameniharibia kwa heshima. Nikamweleza kwamba mpira ni mzima na mstari umeinamishwa makusudi. Akaniangalia jinsi unavyomwangalia mtu aliyekwambia anapika chai kwa chumvi.

"Makusudi?"

"Makusudi, mzee. Maji yatembee."

Akalishika lile jiwe lisibembee. Ndipo akaniambia kwamba kwao kila mwenye shamba mlimani alichimba mifereji, na mfereji ulikuwa lazima ulale sawa. Wakaguzi walikuja na miti kama ile, wakikuta mfereji umeinama unaadhibiwa. Lakini hata wasingekuja wakaguzi, watu wenyewe wasingekubali. Kila mtu anayashika maji yake kwenye shamba lake, yanywewe na udongo wake. Ukiinamisha mfereji umeyapeleka kwa jirani, pamoja na tope lako, na ugomvi wake wataurithi wajukuu.

"Mifereji yangu iko mpaka leo," akasema. "Imeshika maji. Anayekula ndizi zake ndiye simjui."

Nikamwambia hapa si shamba, ni machimbo. Maji yakishikwa juu ya shimo, ukuta wa shimo utalowa na kuporomoka. Hilo alilielewa mara moja, akapiga kidole paji la uso na kusema samahani mara tatu. Siku tatu zilizofuata tulichimbua upya, na yeye ndiye aliyechimba kwa bidii kuliko wote. Mfereji ukainama. Nikamwaga ndoo ya maji upande wa kulia, tukayafuata kwa miguu mpaka kushoto. Nilitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

"Sasa shefu," Ndikuriyo akauliza, tukiwa tumesimama mwisho wa mfereji, "haya maji kutoka hapa yanakwenda kwa nani?"

"Yanakwenda bondeni."

"Bondeni kwa nani?"

Nikamwambia hilo si lake. Nilisema kwa ukali, na nilijua kwa nini nimesema kwa ukali. Nikatoa mchoro wa Bulugu mfukoni. Mfereji ulikuwa umechorwa vizuri, na mwisho wake pana mshale. Mshale ulifika ukingoni mwa karatasi ukaishia hapo. Basi nikaanza kuufuata mshale kwa miguu nje ya karatasi, nikateremka kupitia vichaka, nikavuka bega la kilima, nikatokea juu ya nyumba ya Eustakia.

Eustakia ni mjane, rika la mama, anaishi na mkwewe na wajukuu wawili. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyelala na mama mkeka mmoja siku arobaini. Nilisimama pale mlimani nikiona moshi unatoka jikoni kwake, na nikaona wazi ninachokifanya. Nimeyakusanya maji ya kilima kizima, ambayo zamani yalishuka kila mahali kidogokidogo, nimeyafanya kuwa kamba moja, na kamba hiyo nimeielekeza kwa Eustakia. Na mfereji ule ulikuwa sahihi. Nilikuwa nimeupima.

Jumanne nikaenda kwa Bulugu. Alikuwa kwenye kibanda chake cha mabati, simu ya upepo inakoroma, madereva wamemzunguka. Nikamwambia tunahitaji bwawa mwisho wa mfereji, maji yatulie, yatue tope, yatoke taratibu. Akasema bwawa lipo kwenye mpango, katapila likipata nafasi, na katapila halina nafasi kwa sababu kambini malori ya chakula yamenasa yanangoja moramu.

"Mvua haitangoja katapila," nikasema.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, Pancras. Wewe ulikuja unalia juu ya ufa wa mama yako, tumeuziba. Sasa unalia juu ya nini?"

"Eustakia."

Akaniangalia kidogo, akaandika kitu kwenye daftari. "Hilo niachie mimi."

Niachie mimi. Nimeyasikia maneno hayo ofisini tangu nikiwa na kaptula ya shule, na siku zote maana yake ni toka nje. Nikatoka nje.

Sikujua nani yuko sahihi. Ndikuriyo alikuwa na haki, lakini haki yake ingemzika mama. Bulugu alikuwa na haki pia, ila yake iliishia ukingoni mwa karatasi. Na mimi nilikuwa na kiapo. Usiku kichwa kiliniwanga, nikawa nageuka kitandani nikipima miteremko.

Jumatano jioni mama akaniuliza kazi imefikia wapi. Alikuwa anamenya ndizi, kisu hakisimami. Nikamwambia imekwisha.

"Maji hayaji?"

"Hayaji."

"Yanakwenda wapi?"

Ningeweza kusema bondeni. Lakini mama ni mtu ambaye hata kuungama kwa padri ni rahisi kuliko kumjibu. Nikasema, "Upande wa Eustakia."

Kisu kikasimama. Nikamweleza habari ya bwawa, na kwamba injinia amesema tumwachie, na kwamba pengine mvua mwaka huu zitakuwa za wastani. Nilizungumza sana. Mama alinisubiri nimalize, kisha akauliza kingo za mfereji zina kimo gani. Nikamwonyesha kwa mkono, magotini. Akasema ahaa, akaendelea kumenya. Nilifikiri ameridhika.

Ijumaa asubuhi alinishangaza. Alikuja nyumbani kwangu akimburuta mbuzi wake, na godoro kichwani, na msalaba wa ukutani umefungwa kwenye kanga. Avelina alifikiri hatimaye amekubali kuhamia kwetu, akafurahi, akampangia chumba. Mama akashukuru, akachukua jembe letu, akaondoka. Avelina akaniuliza mama anakwenda kulima nini saa hizi. Nikavaa kofia yangu, nikaenda kazini.

Mvua ilianza saa tisa alasiri. Bulugu alikuwa amekwisha kuondoa watu na katapila shimoni, hilo nampa haki yake. Mimi na Ndikuriyo tukakimbilia mwisho wa mfereji, makoleo mabegani, kuona kama kingo zitashika. Maji yakaja, mekundu, yenye mapovu, yakifuata njia yetu bila kuruka popote. Nakiri nilifurahi. Furaha ilidumu kama dakika tano, kisha nikasikia yanavyonguruma yakiporomoka vichakani kuelekea bega la kilima, kwa Eustakia.

Halafu yakapungua.

Mvua ilikuwa inazidi. Nilikuwa siuoni hata mti ulio hatua kumi mbele yangu. Na mfereji ulikuwa unakauka. Maji yalishuka mpaka kifundoni, kisha yakabaki madimbwi. Nimechanganyikiwa mara nyingi maishani, lakini siku ile nilisimama kwenye mvua kubwa nikitazama mfereji mkavu, na nikamgeukia Ndikuriyo.

"Shefu," akasema akiinua mikono, "sikugusa kigingi."

Tukaufuata mfereji kuelekea juu, tukiteleza. Katikati, juu ya machimbo, tulimkuta mama. Amejifunika gunia kichwani, sketi ameipandisha magotini, jembe mkononi. Alikuwa ameubomoa ukingo wa chini, upana wa majembe mawili, na maji yote ya kilima yalikuwa yanaingia pale, yanashuka shimoni, yanalizunguka rundo la udongo.

"Pancras, usisogee sana hapo," akasema. "Panateleza."

"Mama, unafanya nini?"

"Maji ya kilima hiki yalikuwa yanapita kwangu tangu nilipoolewa. Nayajua. Yakija na tope yatakuja na tope. Siwezi kukaa ndani kukavu niyasikilize yakienda kwa Eustakia."

"Niliapa, mama!"

"Uliapa tope halitanifikia. Hukuniambia utalipeleka mlangoni kwa mwenzangu."

Nikaangalia lile tundu. Watu wawili wenye makoleo tungeliziba kabla sigara haijaisha. Ndikuriyo alikuwa amelishika koleo lake tayari, maji yanamtiririka puani. Aliniuliza kwa sauti ndogo, yenye heshima ileile, "Shefu, tuzibe au tuache?"

Nilielewa vizuri swali hilo. Tukiziba, ninamnyang'anya mama jembe na kumpelekea Eustakia mafuriko, na wajukuu wawili ndani. Tukiacha, nimevunja kiapo na nimeizamisha nyumba niliyozaliwa. Nilifungua mdomo nijibu, mvua ikaingia. Nikaufunga. Nikaufungua tena. Mama alikuwa hanitazami, alikuwa analitazama rundo. Ndikuriyo alingoja. Najua kwamba nilikuwa na nafasi ya kujibu, na najua kwamba sikujibu. Mpaka leo siwezi kusema kama nilikuwa ninamheshimu mama au nilikuwa ninaogopa tu.

Rundo lilianza kwa kuinama pole. Likatoa sauti kama ng'ombe anayelala, kisha likaenda lote. Nikamshika mama mkono. Tuliona migomba ikilala safu kwa safu. Ukuta wa nyuma wa nyumba ukaingia ndani, paa likakaa chini. Mama hakulia. Aliuliza tu kama kutokea pale ninaweza kuuona msalaba wa kaburi la baba, macho yake hayafiki. Nikatazama. Ilibaki ncha. Nikamwambia unaonekana.

Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa imekatika, nilikwenda kwa Eustakia. Nilitaka kuona kwa macho yangu kwamba pamesalimika, nilitaka niwe na kitu kimoja cha kushika. Palikuwa pakavu. Maji yaliyofika yaliacha mstari mwembamba wa mchanga uani, basi. Nikabisha hodi. Nikabisha tena. Mlangoni palikuwa na kufuli. Jikoni majivu yalikuwa baridi, hakuna kuku, hakuna ndoo, kamba ya nguo haina nguo.

Leonidasi mlinzi alikuwa anapita na baiskeli yake akitoka zamu. Nikamuuliza watu wa hapa wako wapi.

"Si wamehama juzi Alhamisi? Lori la kampuni limewapeleka Biharamulo, kwa mwanawe kule Kaniha, mpaka mvua ziishe. Injinia aliagiza. Mimi mwenyewe nimesaidia kupakia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie?" Alinishangaa kwelikweli. "Wewe ndiye msimamizi. Nilidhani umeomba wewe." Akapanda baiskeli, kisha akasimama tena. "Bibi alitaka kupita kumuaga mama yako. Akaona aibu. Alisema yeye anahamishwa, na mwenzake anabaki chini ya lile rundo."

Sijui nilirudije nyumbani. Niliapa njiani kwamba nitamwambia, na niliapa tena kwamba sitamwambia, na viapo vyote viwili vilikuwa kwa Bikira yuleyule. Mama alikuwa uani kwangu, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, anasuuza kitenge alichokifukua kwenye tope alfajiri.

"Umetoka kwa Eustakia?"

"Ndiyo, mama."

"Maji yalifika?"

"Hayakufika."

"Wamelala salama?"

Avelina alitoka jikoni akasimama mlangoni, akinitazama. Nilitafuta neno ambalo si uongo.

"Wamelala salama, mama."

"Basi," akasema, akakikamua kitenge kwa mikono yake yote miwili. Akaniomba nikianike mahali penye jua. Alisema kikikauka leo atakivaa kesho kwenda kanisani, maana Eustakia atamwekea nafasi pembeni yake kwenye benchi, na hataki amwone na tope akadhani amekuja kudai shukrani.